Ng'ombe wa Kamanzi Ana Mizizi

Mwezi wa tatu mume wangu Kamanzi alipewa ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikuja ndani ya chungu cha plastiki, ana majani mapana yenye mistari, hana pembe wala mkia, na alisafiri kutoka Kimironko hadi kwetu Niboye, humuhumu Kigali, akiwa amepakatwa kwenye pikipiki.

Niseme mapema kwamba mume wangu si mwendawazimu. Alikuwa ofisa wa serikali mpaka alipostaafu, na miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika.

Aliyempa ni Ntare, rafiki yake tangu walipokuwa wavulana huko Mbarara, Uganda, wakichunga ng'ombe wa watu. Ntare alikuwa amefiwa na mkewe, Illuminée. Siku ya kuondoa matanga, watu walipokuwa wakiaga, alitoka uani amebeba chungu kimoja cha marehemu. Ndani yake mlikuwa na kalathea, ua linalopendwa kwa majani yake: juu ni ya kijani yaliyochorwa mistari myeupe, chini ni ya zambarau.

"Kamanzi, hukuniacha siku zote hizi," alisema. "Mimi nilitaka kukupa inka. Lakini Niboye ng'ombe italala wapi, kwa sebule? Chukua hii. Illuminée alikuwa anaipenda sana."

Mtu mwingine angesema asante akaondoka. Kamanzi alisimama katikati ya watu, akainua mikono juu mithili ya pembe, akapaza sauti: "Yampaye inka, Ntare!" Yaani, Ntare amenipa ng'ombe! Kisha akaanza kulisifu lile ua kwa maneno wanayosifiwa nayo ng'ombe wa mfalme: mwendo wake, shingo yake, madaha yake akienda kunywa maji. Akampa na jina, Bihogo. Watu walicheka na machozi yakawatoka, na mimi nililia kuliko wote. Sikujua kwamba mume wangu hakuwa anatania.

Kwetu Rwanda ng'ombe wa kupewa hahesabiwi kwa maziwa. Ukimpokea, wewe na aliyekupa mmefungana. Unamtunza mbele ya macho ya watu, akizaa unampelekea mwenzako ndama, na mwenzako hawezi kudai arudishiwe ng'ombe wake hata akijuta usiku na mchana. Hayo yote Kamanzi aliyahamishia kwenye chungu cha plastiki bila kupunguza hata moja.

Kwanza, ng'ombe hafichwi. Bihogo aliwekwa langoni, juu ya mawe meupe, pale jua linapopiga tangu asubuhi mpaka jioni, ili kila apitaye amwone.

"Baba Gwiza," nilimwambia, "hilo ua linataka kivuli."

"Kivuli? Wewe hujachunga, Mama Gwiza. Ng'ombe inatoka asubuhi, inaona jua, inanenepa."

"Na huyu anakula nini huko nje?"

"Iko na mbolea," alinijibu, kwa sauti ya mtu aliyesomea.

Kweli sijachunga. Lakini nilikaa Jumapili nyingi uani kwa Illuminée, chini ya parachichi lake kubwa. Sisi wawili tulikulia Ngara, Tanzania, na waume zetu walitoka Uganda, kwa hiyo tulikuwa na kazi ya kudumu ya kucheka Kiswahili chao. Huku tukisengenya, yeye alipangusa majani ya maua yake kwa kitambaa kibichi, moja moja, na kuyapa maji yaliyolala kwenye ndoo, maana ya bomba yakitoka moja kwa moja huunguza ncha za majani. Kalathea zake zote zilikaa chini ya mti ule. Nilimpenda Illuminée kama dada. Alipokufa nilibaki na watu wa kuongea nao wengi sana, na wa kusengenya naye sina.

Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, baada ya kufagia barabara, Kamanzi alisimama kwenye mkutano akatangaza kwamba amepewa ng'ombe. Jioni mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, alikuja kutukumbusha kwa upole kwamba mifugo hairuhusiwi kwenye makazi. Akapelekwa langoni. Alimtazama Bihogo, akamtazama Kamanzi, akanitazama mimi kwa huruma nyingi, akaomba maji ya kunywa.

Ilipofika sikukuu ya Pasaka, Bihogo alimwagiwa maziwa. Sisimizi wa mtaa mzima walihudhuria.

Kiangazi kilipoingia, vumbi jekundu likatanda na jua likawa halina utani. Majani ya Bihogo yalijikunja, kingo zikawa kahawia, mistari ikafifia. Kamanzi alimzunguka mara mbili, mikono nyuma, akasema ng'ombe wote hukonda kiangazi.

Siku iliyofuata Ntare alinipigia mimi simu, kwa kuwa ya Kamanzi ilikuwa imezimika.

"Mama Gwiza, Bihogo iko?"

"Yupo, shemeji. Anakula jua."

Hakucheka. Aliniambia kwamba dada yake Ingabire alikuja kumsaidia kusafisha nyumba. Ingabire ni mtu wa usafi, na usafi wa Kigali hauna mchezo: aliona majani ya parachichi yanachafua uwanja, akaita watu wakaukata mti, akatandika matofali mpaka ukutani. Ua ukapendeza. Chini ya wiki mbili maua yote ya Illuminée yalikuwa yameungua.

"Nilikuwa kazini Huye," alisema Ntare. "Nimerudi, nimekuta vyungu tu. Imebaki ile yenu. Nitakuja Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Nataka tu kuiangalia."

Nilikata simu, nikaenda langoni. Yule wa mwisho wa Illuminée alikuwa na majani makavu ya kuvutwa kwenye kiko. Nilishikwa na hasira nikamwita mume wangu kwa jina lake la ubatizo, jambo ambalo nyumbani kwetu ni sawa na king'ora.

Lakini Kamanzi huwezi kumshinda kwa kelele. Nikaingia kwenye lugha yake ya ng'ombe.

"Baba Gwiza, serikali imesema nini kuhusu kuchunga ovyo?"

"Imekataza."

"Ng'ombe wa siku hizi anakaa wapi?"

"Kwa banda," akasema, na nikaona ofisa ameamka ndani yake.

Nilijipongeza mapema mno. Kesho yake nilirudi kutoka soko la Kimironko nikamkuta Bihogo langoni palepale, amejengewa banda zuri la bati jipya, bati juu na bati pande tatu. Nilitia mkono ndani nikautoa haraka. Mkate ungeiva.

Basi nikatumia silaha ya mwisho. Nilikibeba kile chungu kifuani, mume wangu akinifuata akiuliza ninampeleka wapi, nikamjibu kwamba ng'ombe mgonjwa hutengwa na wenzake. Akasimama, akafikiri, akakubali. Aliuliza tu kama amwite daktari wa mifugo.

Nilimweka nyuma ya jiko, kati ya ukuta na tangi la maji, mahali ninapofulia. Jua halifiki pale, mwanga unafika, na hewa ina unyevu wa nguo zilizoanikwa. Nilikata majani yote yaliyoungua. Nilitoa ule udongo uliochachuka kwa maziwa, nikaweka mwingine mwepesi uliochanganywa na majani yaliyooza. Nilimpa maji yaliyolala, kidogo, udongo ukianza tu kukauka juu. Kamanzi nilimpiga marufuku. Alisimama kwenye kona ya jiko kila asubuhi, anasalimia kwa mbali: "Bihogo, amakuru?" Bihogo alikuwa shina fupi na jani moja lililobaki, hakuwa na habari yoyote ya kutoa.

Nilikuwa naogopa. Nafua huku naongea na Illuminée, nikimwambia kwamba nimejitahidi, lakini anaijua familia niliyoolewa. Siku zikapita bila kitu. Kisha asubuhi moja nikaona pembeni ya shina kitu kimechomoza, jani jipya limejiviringisha mfano wa mkeka dukani. Nililia kwenye sabuni.

Jumapili ilipofika, Ntare alikuja amevaa koti, amekonda kuliko Bihogo. Kamanzi hakuwa amelala vizuri. Alikuwa ameandaa maziwa kwenye kibuyu na sifa mpya, lakini tulipofika nyuma ya jiko, rafiki yake akasimama mbele ya yale majani mawili, sifa zilimkauka mdomoni.

"Ntare," alisema, "nimechunga vibaya. Niliiweka kwa jua. Hii unayoona ni kazi ya mke wangu."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo kuhusu jambo lolote, na tumezaa watoto pamoja.

Ntare alichuchumaa. Hakugusa. Kisha akasema, "Mimi nilitoa kwa sababu sikuweza kuiona. Sasa nataka kuiona, na siwezi kukuomba unirudishie. Ng'ombe nilishatoa." Akamtazama Kamanzi. "Unaweza kunipa ndama?"

Kamanzi karibu aruke kwa furaha. Alijua, kwa kuwa nilimweleza mwenyewe kwa bahati mbaya, kwamba kalathea huzaliwa kwa kugawanywa mizizi. Kabla sijafunga mdomo alikuwa ameingia jikoni akatoka na kisu cha nyama.

"Weka chini hicho kisu!" nilisema.

"Rafiki ameomba ndama, Mama Gwiza! Nitamnyima?"

"Ndama anazaliwa, hachinjwi! Ukimgawa sasa wanakufa wote wawili, mama na mtoto, na hakuna mwingine Kigali nzima aliyeshikwa na mkono wa Illuminée. Rafiki yako atasubiri mvua. Atasubiri mpaka mmea ushibe."

Kamanzi alishusha kisu. Ntare aliendelea kuchuchumaa, na nikaona mabega yake yamelegea. Nikaona aibu kumnyima mtu mjane kitu kidogo kiasi kile.

"Lakini shemeji," nikasema, "ng'ombe wa kutoa hukatazwi kumtembelea. Njoo kila Jumapili. Kaa naye hata mpaka giza, sisi hatukufukuzi."

Nikamletea kigoda changu cha kufulia. Kamanzi akakalia ndoo iliyogeuzwa, kisu bado mkononi hajui akiweke wapi. Tulikaa pale watatu, kati ya tangi na mashuka yaliyoanikwa, tukizungumza habari za Huye na bei ya viazi, mpaka mwanga ukaanza kupungua.

Ghafla Ntare akaruka. "Mama Gwiza! Iko mgonjwa! Angalia, inafanya nini?"

Yale majani mawili yalikuwa yanainuka. Lile la zamani lilishapanda, lile jipya linafuata polepole, mpaka yakasimama wima yameelekeana, zambarau ya chini imetokeza nje.

"Si mgonjwa, shemeji," nikamwambia. "Ndivyo ua hili lilivyo. Kila jioni jua likizama linasimamisha majani, asubuhi linayalaza tena. Illuminée alikuwa akisema wanasali. Kila jioni alikuwa akitoa kiti anakaa anawaangalia."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

Ntare alikaa tena taratibu. Maua yale yaliishi uani kwake miaka yote ya ndoa yake.

"Na mimi nilikuwa wapi?" aliuliza.

Nilijua alikuwa wapi. Kimironko nzima ilijua: alikuwa kwenye mishikaki na bia, yeye na huyuhuyu mume wangu, mpaka watu wa baa wanapandisha viti mezani. Mdomo wangu haujawahi kumsamehe mtu, na jibu nilikuwa nalo tayari. Kamanzi pia alijua ninalo, akainamisha kichwa akalingoja.

"Ulikuwa kazini, shemeji," nilisema. "Yeye mwenyewe alikuwa akiniambia hivyo."