Mkamwana Asiyelala

Kwa miaka minne mkamwana hakuujua usingizi wa maana, na watu wa mumewe walipoona hivyo hawakumhurumia, walimpangia kazi. Mama mkwe alikuwa amepooza kuanzia kiunoni, na kila baada ya saa mbili ilibidi ageuzwe ubavu asije akatoka vidonda. Usiku angegeuzwa na nani? "Si yupo bundi wetu," alisema wifi, wote wakaangua kicheko, na shauri likaishia hapo.

Mchana bundi huyo alishona sare kiwandani. Dawa gani hakujaribu! Alikunywa maziwa ya moto mpaka akayachukia. Alichovya miguu kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Aliacha chai. Mshonaji mwenzake alimwambia ahesabu pumzi, akahesabu mpaka elfu mbili, macho makavu. Kisha siku moja alisinzia kazini, sindano ya cherehani ikamtoboa kidole pamoja na ukucha.

"Dada, ukisinzia tena hapa, usirudi," msimamizi akamwambia.

Daktari alimpa vidonge vidogo vyeupe. Mume na wifi wakaapa kwamba watamgeuza mama kwa zamu. Asubuhi ya kwanza mkamwana aliamka akalia kwa furaha, na akalala hivyo siku tisa mfululizo. Siku ya kumi dawa ikagoma. Alivumilia wiki mbili, akarudi kwa daktari na kopo lake.

Daktari alimimina kidonge kiganjani, akakitazama, akamtazama na yeye. "Hizi ni vitamini, mama. Nani kakupa?"

Alifika nyumbani, akamwendea wifi moja kwa moja. Usiku hata haujakolea, na wifi alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, anapiga miayo.

"Dawa zangu umezifanya nini?"

"Muulize mama," wifi alijibu, wala hakuinua kichwa.

Chumbani kwake, mama mkwe hakukana. Alifunua shuka akamwonyesha kidonda kwenye nyonga ya kulia, kipana kama kifuniko cha chupa.

"Siku tisa, mwanangu. Niliita mpaka sauti ikanikauka. Hawa niliowazaa wakilala ni magogo. Nikamwambia wifi yako abadilishe."

"Na zangu ziko wapi?"

"Anazimeza yeye. Anasema kelele zangu zinamsumbua."

Mkamwana alikitazama kidonda. Kusema kweli alimwonea huruma yule mzee, na papo hapo akamchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

"Basi nigeuze," mama mkwe akasema. "Saa imefika."

Akamgeuza taratibu, kama siku zote, akamlaza kwa ubavu wa kulia, juu ya kidonda chenyewe. Akafunga mlango, akaenda chumbani kwake kujilaza.

Mama mkwe aliita mpaka alfajiri. Mume alikoroma. Wifi alilala fofofo. Katika nyumba nzima, aliyesikia kila neno alikuwa yeye peke yake.