Vitunguu kwa Mkono Mmoja

Kiharusi kilipompitia Mama Kantini, kilimwachia nusu ya mwili na ulimi mzima. Nyumbani walitaniana kwamba ugonjwa uliuogopa ule ulimi. Mkono wa kushoto ndio uliobaki ukining'inia kama wa kuazima.

Bintiye alikuwa nesi. Siku mama yake aliporuhusiwa kutoka hospitali, alipiga marufuku: jikoni haingii. Visu akavifungia kabatini, ufunguo akawa anaenda nao kazini. Basi ikawa ni uji tu, mweupe, hauna harufu wala ladha, na wa kulishwa kwa kijiko. Mwanamke aliyewapikia mafundi wa gereji miaka nenda rudi, wakagombania hadi ukoko wa sufuria yake, sasa anafutwa kidevu.

Asubuhi moja alilisukuma bakuli la uji mpaka ukingoni mwa meza.

"Sili."

"Sasa utakula nini?" aliuliza mumewe, mzee fundi cherehani, kijiko mkononi.

"Nitakachopika."

Akajikokota kwenda jikoni, bega likisugua ukuta. Mzee akamfuata mikono mbele, kama anayefuata mtoto wa kusimama dede.

"Ukinishika nakung'ata."

Mzee akatia mikono mfukoni.

Dengu hazikumpa taabu. Alizimimina sufuriani, akabandika. Kazi ilikuwa kwenye vitunguu, vile vidogo vyekundu vinavyokaa pacha ndani ya ganda moja. Alivipenda kuliko vile vikubwa, maana ukivikaanga bila papara vinageuka vitamu. Akavimwagia maji ya moto maganda yalegee, akaketi, akaunyanyua mkono mbovu kwa ule mzima na kuulaza juu ya kitunguu ili kisicheze. Kikachoropoka. Akakirudisha. Kikachoropoka tena, safari hii hadi chini ya jiko. Akakiporomoshea tusi la gerejini. Machozi yakamtoka, na hakujisumbua kujiuliza kama ni ya kitunguu.

"Niletee mkasi wako."

Mzee akaruka. "Mkasi wa suti? Ule haujakata hata karatasi!"

"Leo unakata kitunguu. Au nitumie meno, na hayo nayo si yote ya kwangu."

Mzee akaenda shingo upande, akarudi na mkasi kaukumbatia kama kichanga. Mama Kantini akakishika kitunguu kwa magoti, juu ya kanga, akakata kichwa, akakata mkia, akabinya. Kikatoka kwenye ganda, chekundu, kinang'aa. Akacheka peke yake. Akachukua kingine.

Mafuta yalipopata moto akavitosa, akageuza taratibu mpaka vikaiva rangi ya kahawia. Tone likarukia mkono wa kushoto. Hakuhisi kitu. Aliona tu ngozi inavimba, na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, akaogopa. Akaufunika mkono kwa kitambaa kibichi, akaendelea kukoroga.

Nesi alirudi kutoka zamu na kukutana na harufu tangu ngazini. Aliingia mbio, mkoba begani.

"Mama! Nani kakuruhusu?"

"Nimejiruhusu."

Akaona kitambaa, akakifunua. "Unaona sasa? Umeungua hata huna habari!"

"Nimeungua. Na nimepika."

"Mimi nakulinda, Mama."

"Unanilinda, au umeniweka kabatini na visu? Mkono ndio umelala, mwanangu. Mimi niko macho. Siku nikishindwa nitasema mwenyewe, ulimi si ninao?"

"Huo unao," mzee akadakia.

Nesi hakucheka. Alimpaka dawa, midomo kaibana. Alipomaliza, mama yake alimsukumia sahani: dengu nzito, na vitunguu juu, vingine vimeungua kabisa. Akaonja akiwa wima. Akavuta kiti. Hakuinua kichwa mpaka sahani ikawa nyeupe.

"Chumvi nyingi," alisema. "Hilo siwezi kulifumbia macho."

"Hilo nakubali. Nitapunguza."

"Na mafuta ya moto usikae nayo peke yako. Kesho sina zamu, nitasimama hapa na wewe."

"Hapo utaziba njia." Mama Kantini akaashiria kiti cha mlangoni. "Utakaa pale. Nikikuita, njoo. Nisipokuita, tulia na njaa yako."