Jogoo wa Musanda

Winrose alikuwa kwenye cherehani akipinda sketi ya shule wakati mwenye nyumba wake, Phanuel, alipoingia ploti pamoja na fundi mwenye bisibisi. Phanuel alisalimia kila mtu vizuri, akauliza habari za watoto, halafu akamwonyesha fundi mlango wa Winrose. Fundi, jina lake Onesmus, aliomba radhi kwa kumzibia mwanga, akaanza na bawaba ya juu.

Hapa Shirere ndivyo watu wanavyohamishwa. Hakuna anayekufukuza. Unaondolewa mlango tu, mengine unajiondolea mwenyewe.

"Baba Sylvia," Winrose akasema, mguu bado ukiwa kwenye pedali, "hata notisi?"

"Notisi ya nini, mama? Kijana wa ndugu yangu anataka kufungua kinyozi hapa. Utoke leo."

"Leo? Na hizi yunifomu za watu? Shule zinafunguliwa Jumatatu ile ingine. Nipe hata mwezi nitafute mahali."

Sketi zilijaa kitandani, mashati yakajaa juu ya kabati, na mvua ya Kakamega, ikifika alasiri, haimwulizi mtu kama ana mlango. Watoto wa mtaa mzima walikuwa wameshapimwa viuno.

"Tuliandikiana wapi?" Phanuel akauliza kwa upole. "Mimi sijawahi kukuahidi kitu. Ulikuwa unakaa tu."

Hapo jogoo akawika tumboni mwa Phanuel.

Aliwika kwa sauti kamili, hata majogoo wa jirani wakamjibu. Onesmus alingoja amalize, akaendelea na bawaba ya pili. Masinde, mpangaji wa chumba cha kando, alitoka nje na mswaki mdomoni.

"Huyo si yule wa Musanda?" akauliza. "Alikuwanga na hiyo kikohozi mwishoni."

Ndiye. Mama yake Winrose alimleta kutoka Musanda siku Winrose alipohamia, miaka mingi iliyopita, akamchinjia mwenye nyumba kama inavyostahili. Ingokho, yaani kuku, ikapikwa, ugali wa obusuma ukasongwa, na Phanuel akapewa imondo, ile firigisi ambayo mwanamke haigusi na mwanamume hapewi kama yupo mkubwa wake. Aliitafuna polepole, akajipangusa mdomo, akasema mbele ya watu wote: "Mwanangu, kaa hapa. Nikiitaka nyumba yangu nitakwambia mapema." Mkataba wao ulikuwa huo. Masinde, ambaye siku ile aliambulia shingo, sasa alijishika tumbo akasikiliza, lakini alisikia njaa tu.

Phanuel alisema hiyo ni gesi. Jogoo akawika tena.

Wakaenda wote kwa Chepkoech, msaidizi wa sheria mwenye meza yake chini ya ngazi karibu na soko. Chepkoech aliweka kando ndizi aliyokuwa akila, akasikiliza pande zote mbili.

"Karatasi si lazima," akamwambia Phanuel. "Yeye akilipa kila mwezi na wewe ukipokea, huyo ni mpangaji. Umpe notisi ya mwezi mzima, kwa maandishi. Akikataa kutoka, unaenda kortini. Mlango hauguswi mpaka korti iseme."

"Lakini hatukuahidiana chochote."

Jogoo akawika. Chepkoech akatazama tumbo la mzee, kisha akamtazama Winrose.

"Ni wako?"

"Ni wa mama."

"Sawa. Mwaka jana nilikuwa na mtu wa Likuyani hapa, yeye alikuwa na bata mzinga. Siku hiyo hatukumaliza." Akaandika jogoo mahali pa shahidi, na mahali pa nambari ya kitambulisho akapiga mstari. "Hata angenyamaza, mzee, bado ungempa mwezi. Sheria haimhitaji."

Phanuel alisema atafikiria, akarudi nyumbani na mlango begani mwa Onesmus. Ilikuwa vibaya, na inafaa isemwe hivyo. Alasiri mvua ikaja kama kawaida. Wapangaji waligawana yunifomu, kila chumba kikalaza darasa moja, na Masinde akamfungia Winrose turubai mlangoni huku akiimba. Walicheka sana jioni ile.

Phanuel hakuogopa sheria. Aliogopa Jumapili, maana alikuwa mzee wa kanisa na zamu ya ushuhuda ilikuwa yake. Alisimama, akasema yeye ni mtu wa neno lake, na jogoo akawika mara tatu. Mchungaji alifunga Biblia akasema somo la leo limeshasomwa. Mama Sylvia, mkewe, alichukua mkoba wake akahamia benchi la nyuma.

Jumatatu mlango ulirudi, pamoja na notisi ya mwezi mzima, imeandikwa na kutiwa sahihi. Phanuel alipomkabidhi Winrose karatasi hiyo, jogoo alijikohoza kidogo ndani yake, akatulia, na hajasikika tena. Watoto walienda shule na sketi zao. Mwezi ulipoisha Winrose alifunga cherehani kwenye mkokoteni, akamshukuru Baba Sylvia, wakaagana bila kinyongo.

Siku hiyohiyo Onesmus aling'oa mlango wa Masinde, kwa sababu kinyozi kilihitaji pia mahali pa wateja kungojea. Masinde alitaja notisi. Phanuel alisema hawajawahi kuahidiana kitu, akatega sikio, kukawa kimya. Masinde alipohamia pale alimkaribisha mzee kwa chai na mkate, na mkate hauwiki. Alibeba godoro lake akaenda kwa dada yake Butali, anapongoja mpaka leo Chepkoech ampate Phanuel kwenye simu.

Winrose alipata chumba Amalemba, kizuri, chenye dirisha upande wa jua. Alimpikia mwenye nyumba mpya ingokho, akamwekea imondo juu kabisa ya bakuli. Mzee yule, Patroba, aliitazama mpaka akameza mate.

"Asante, mama, nimeshiba," akasema. Habari za tumbo la Phanuel zilikuwa zimefika Amalemba zamani. Akanywa maji aliyokuja nayo kwenye chupa.

"Na ukitaka nyumba yako, utaniambia mapema?"

"Tutaelewana," akasema Patroba, akatabasamu, akaenda zake.

Winrose aliwaita majirani wapya wakala wote, wakashiba. Imondo aliila mwenyewe. Ilikuwa tamu, tamu hata kuliko wanaume walivyokuwa wakisema. Kisha akatoa bisibisi ndogo ya cherehani akaenda kukaza skrubu za mlango, maana alizikuta zimeshalegezwa.