Koti la Bwana Afya

Bwana Afya wa mtaa wa nyuma ya soko watu walimbandika jina la Chokaa, maana kila nyumba aliyoipitia iliachwa nyeupe pe. Mwaka ule homa ya chawa ilikuwa ikipukutisha watu mjini, naye kutwa alikuwa akipekua magodoro, akichomesha matandiko na kupeleka wagonjwa karantini.

Siku moja mjane mmoja, dobi, alimzuia mlangoni, povu la sabuni likimfika viwikoni.

"Mwanangu, usinielewe vibaya. Mbona homa haikutangulii, inakufuata?"

"Maneno gani hayo, mama? Hebu nipishe."

Akampisha. Chokaa akapekua chumba, akaketi kitandani, akaandika: safi.

Lakini neno lile lilimganda. Aliporudi ofisini alifungua daftari la ukaguzi, akalinganisha tarehe. Nyumba saba alizoziandika safi zilipata wagonjwa wiki mbili hivi baada ya yeye kuingia. Zote saba. Akavua koti lake la sufu, akapindua mshono wa kwapani. Chawa walikuwamo, wamejipanga kama ufuta.

Mkubwa wake alilitazama bila kuligusa.

"Lichome, na ufunge mdomo. Watu wakijua, nani tena atatufungulia mlango?"

Akalichoma. Mdomo akaufunga.

Jioni alimkuta mkewe amejikunyata, meno yakigongana. Ndiye aliyelipiga brashi koti lile kila asubuhi. Chokaa alimuuguza wiki tatu, na kila alipofumba macho aliona milango ikifunguka, wenyewe wakimwambia: karibu Bwana Afya, karibu uketi.

Mkewe alipoweza kukaa na kunywa uji, Chokaa alikwenda mbio kwa dobi. Mlango alifungua binti wa dobi, kichwa kimenyolewa.

"Mama tumemzika juzi."

Chokaa akamweleza yote akiwa amesimama: koti, daftari, amri ya mkubwa wake.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile."

Binti akashika komeo la mlango.

"Sufuria ya kuchemshia nguo ilikuwa motoni siku ile, kaka. Neno moja tu, angetumbukiza matandiko yote."

Akafunga mlango taratibu.

Chokaa alifanya kazi ile miaka kumi na mitatu zaidi. Hakuvuka tena kizingiti cha mtu. Alisimama nje, akiomba wenyewe wamtolee matandiko. Watu walicheka kwamba Bwana Afya anaogopa maradhi yao. Hakuwakatalia.