Kitanda cha Mama Mkwe

...na mawaridi ya plastiki, ebo, mawaridi chini ya ziwa, aliyapanda nani, samaki ngege? Nasike alikaza fundo jingine la magugu kwenye mguu wa kitanda, akamsikia Ouma akiita kutoka nyuma ya kamera, Nasike, kitanda iko tayari, akajibu bado kidogo, dairekta mzima, kaptura na miwani ya jua, ati kasri la malkia wa ziwa, kasri gani limepakwa dhahabu ya kopo kama jeneza la tajiri, yeye fundi wa seti alitaka matope na magugu na nyavu kuukuu za kuvulia dagaa wa omena, ziwa lenyewe, lakini Ouma akasema watu wa mapenzi wanapenda vitu vya kumetameta, haya, vimetamete, malkia anampenda kijana wa nchi kavu kwa kumwona mara moja akinawa uso, upuuzi, na Becky anayeigiza malkia anaogopa maji, ameshikilia wigi lake upepo usilichukue... na huyu Mama Dorca naye, muuza omena waliyemtoa hapo ufuoni aigize mamake malkia, ameketi kitandani na taji lake la waya, anauliza, sasa hapa kando yangu anakaa nani, Nasike akamwambia bila kuinua kichwa, ni yule kijana anayeposa, Mama, unamshika mkono, unamketisha hapo, unambariki, na Mama Dorca akacheka, kisha akaona hakuna anayecheka naye, akasimama, akajifunga leso upya.

"Mkwe wangu? Kwa kitanda yangu?" akauliza. "Nani ameandika hii kitu, yawa?"

Ni filamu tu, Mama, Nasike alitaka kusema, lakini aliyeandika ni Ouma, na kabla ya kuandika alikuwa amemsimulia hayo hayo, kwenye nyumba wanayoishi pamoja Kaloleni, siku ile habari za kifo cha mama yake Nasike zilipofika, akimfuta machozi, nilienda Muhoroni ukiwa kwa ile kazi ya Nairobi, sikukwambia, nikamkuta mama yako amelala, akaniketisha kitandani kando yake, akanishika mkono, akasema wewe ni mwanangu, mchukue binti yangu... na Nasike akaishi kwa maneno hayo, akawaambia shangazi zake mama alitubariki, hata Ouma alipokosa mazishi kwa ajili ya shutingi akamtetea, akaacha kuuliza utaenda lini kwa wazee wangu, akajiita mke, mke!... alisikia baraka, hakusikia kitanda, kitanda cha mama mkwe ambacho kwa mila mkwe hakikaribii. Mama, ambaye mkwe wake Wechuli, mume wa dada yake Nasike, miaka yote ile hakuwahi kumwona akitafuna, ambaye akikutana na Wechuli njiani alikuwa akiingia kwenye miwa ampishe, ambaye alikuwa akimsalimia kutoka nyuma ya lile pazia la chumba chake, na walipompeleka hospitali, pumzi yenyewe kwa shida, alivuta leso akafunika uso kwa kuwa Wechuli ndiye aliyeshika usukani... huyo ndiye amketishe Ouma kitandani? Mwongo. Mwongo mvivu pia, angemuuliza hata mamake mwenyewe mkwe hukaa wapi, lakini ataulizaje na hana nia ya kuwa mkwe wa mtu, kauchukua uongo wake akautia kwenye filamu, akauona mtamu, na yeye Nasike akaupamba kwa mikono yake miwili, akaufungia mawaridi. Mama hakumbariki mtu. Mama alikufa akingoja kubishiwa hodi, na binti yake hakujua, alikuwa akishukuru. Akataka kulia, kisha akamtazama Ouma akijipangusa miwani na machozi yakakataa, hakustahili hata hayo.

"Nasike! Kitanda?"

"Ouma," alisema, hakupaza sauti, "ule mlango wa chumba cha mama kule Muhoroni ulikuwa rangi gani? Nataka kuiga."

Ouma akakuna ndevu. "Blu. Blu hivi, imechakaa chakaa. Kwani bado?"

Mlango... chumba kile hakijawahi kuwa na mlango, ni pazia la gunia la sukari, tangu Nasike akiwa mtoto hadi leo, Ouma hajawahi kukanyaga kule. Akalitazama fundo lililokuwa mkononi, akalikaza.

"Iko tayari," akasema. Mama Dorca alikuwa bado amesimama.