Marehemu Jethro na Juzuu ya Tatu

Paja la nguruwe ndilo lililofika kwanza. Liliingia mlangoni juu ya sinia, limefunikwa kitambaa cheusi, na nyuma yake akafuata Bibi Uttley, mke wa muuza misumari, amevaa nyeusi kuanzia kofia hadi viatu. Huko Haddlethwaite, kijiji cha England, maiti ambaye matangani kwake hakukuliwa paja la nguruwe amezikwa kama paka.

"Pole, Bi Keziah," alisema, akalitua sinia mezani kwa kishindo. "Pole sana. Ila nina neno na wewe. Miaka kumi na tisa tumekaa ukuta kwa ukuta, chafya yako naijua na ya kuku wako naijua, hujaniambia siku hata moja kwamba una kaka!"

Keziah Holroyd alikuwa amechomeka kalamu kwenye nywele na wino umempanda hadi kiwikoni. Umri wake miaka arobaini na mmoja, mtoto wa pekee wa marehemu kasisi. Kaka hakuwa naye, wala hajapata kuwa naye.

"Kaka gani, Bibi Uttley?"

"Msiba huo," Bibi Uttley alimnong'oneza Dorcas, mpishi wa nyumba, kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Akili imeruka." Akatoa gazeti kifuani, akalisoma kwa mkazo: Bwana Jethro Holroyd, mtunzi wa riwaya, amefariki dunia nyumbani kwake Haddlethwaite, baada ya kuugua kifua kwa miaka mingi.

Dorcas alijifunika uso kwa aproni, mabega yakamtikisika. Bibi Uttley akampapasa mgongo, akidhani analia. Kumbe maskini alikuwa anacheka hadi mbavu zinamuuma.

Jethro alikuwa Keziah mwenyewe. Miaka kumi nyuma Keziah alipeleka riwaya yake London kwa jina lake la kike. Ikarudi upesi kuliko ilivyokwenda. Akaipeleka ileile, hakugusa hata nukta, kwa jina la Jethro Holroyd, na Bwana Crispin Mudge, mchapishaji, akajibu kwamba ni kazi ya kiume, ina uti wa mgongo. Tangu hapo Jethro akawa anaalikwa London kila mwaka, na kila mwaka Keziah akamzidishia ugonjwa: kwanza kikohozi, kisha mguu, kisha hofu ya gari la moshi. Kufikia riwaya ya nne, Jethro alikuwa na maradhi ya kutosha kuua kikosi kizima cha askari.

Riwaya hiyo ya nne ndiyo iliyomponza. Maktaba za kuazimisha zilitaka riwaya ya juzuu tatu. Ya juzuu mbili, kwao, ilikuwa suruali ya mguu mmoja. Keziah alikuwa na hadithi ya juzuu mbili. Kwa hiyo mwisho wa ya pili alimsukumiza binti wa hadithi yake, Rosalba, ndani ya kisima kikavu, ili apate kurasa za kumtoa. Juzuu mbili zikapigwa chapa. Akiwa katikati ya ile ya tatu, theluji ikafunga njia wiki tatu, theluji nzito hata kondoo walipanda juu ya kanisa wakidhani ni kilima, na karatasi zikamwishia. Kwenye saraka palikuwa na rundo lililobaki tangu kifo cha baba yake: karatasi za kutangazia msiba, zenye ukingo mweusi, pamoja na bahasha zake na lakiri nyeusi. Watu wa kule hawatupi hata kamba ya kiatu. Keziah aliandika juzuu nzima juu ya karatasi za msiba, akazifunga, akazipeleka posta, wala hakuliwaza tena.

Sasa aliwaza: kule London wameona bahasha nyeusi kutoka nyumba ya Jethro mgonjwa, wakatangaza kifo bila kuifungua. "Mjinga mimi," alisema. "Nimemuua kwa mkono wangu mwenyewe."

Bibi Uttley akakaa chini taratibu.

"Mfufue basi, bibie," Dorcas alisema toka ndani ya aproni. "Mwandikie Bwana Mudge barua."

"Kwa karatasi gani? Zimebaki nyeusi tu!"

Hawakupata nafasi ya kuandika. Mlango uligongwa, na aliyeingia alikuwa Bwana Mudge mwenyewe, mnene, jasho limemtoka, kofia imezungushwa utepe mweusi mpana kama mshipi wa farasi. Kwapani alishika bahasha nene nyeusi, lakiri yake nzima.

"Dada wa marehemu," alisema, akainamisha kichwa. "England imepoteza kalamu. Laiti ningalijua hali yake! Nilikuwa tayari kumchapishia vitabu vingine vitano."

"Vitano?" Keziah aliuliza.

"Vitano. Lakini usihangaike na hiki alichoacha njiani. Nimekwishasema na Kanoni Pumphrey, yule kasisi mtunzi, atakimalizia yeye. Atamtoa Rosalba kisimani katika sura ya kwanza, kisha amwoze kwa kasisi mjane mwenye watoto tisa."

Keziah alihisi damu ikimpanda. Rosalba, aliyemlea kwa kurasa mia sita, akapanguse pua za watoto tisa wa mtu!

"Na hicho ulichoshika?"

"Hii? Barua yako ya msiba. Nimeona lakiri nyeusi, moyo ukanishinda kuivunja."

"Barua ya msiba ya kurasa mia tatu?"

"Nilidhani una mengi ya kusema," Bwana Mudge alijibu kwa upole. "Wanawake, unajua."

Dorcas akamvuta Keziah mkono. "Sema marehemu aliimaliza kabla ya kukata roho," alimnong'oneza. "Kitabu kinaokoka, mambo yanakwisha."

Kweli, kitabu kingeokoka. Ila kwenye jalada lake lingebaki jina la mtu asiyekuwapo, na baada ya hapo Keziah asingeandika tena ila orodha ya nguo za dobi. Alichomoa kalamu kichwani, akaiweka mezani.

"Ivunje, Bwana Mudge. Hiyo ni juzuu ya tatu. Nimeiandika mimi, kama nilivyoandika zote. Jethro sikupata kuwa naye."

Bwana Mudge alitabasamu kama atabasamuvyo mtu mbele ya mgonjwa. Alivunja lakiri, akapitisha macho, akatikisa kichwa. "Mwandiko ni huo huo, sikatai. Ulikuwa unamnakilia kakako. Dada wema hufanya hivyo."

"Soma anavyotoka kisimani. Kwa sauti."

Akasoma. Rosalba, kule chini gizani, anafungua gagulo lake la pete za chuma, lile livaliwalo kuipanua sketi. Anakata utepe wa kiunoni, analizungusha ndani kwa ndani pasipo kupandisha mikono, analinyoosha, na tazama, lile gagulo ni ngazi: kila pete daraja, kila utepe kamba. Analitupia juu linase kwenye ndoano ya ndoo, anapanda. Kufikia utepe wa tatu masikio ya Bwana Mudge yalikuwa mekundu.

"Simama hapo!" Bibi Uttley alinyanyuka. "Kulizungusha kiunoni pasipo kupandisha mikono? Na tepe nane, kumi akiwa mnene? Bwana wee, hayo hayajui mwanamume yeyote aliye hai wala aliyekufa! Mume wangu tumeoana miaka thelathini, mpaka leo anadhani linashikiliwa na misumari. Wewe unajua?"

"Mimi?" Bwana Mudge alisema. "Mama, mimi ni mtu wa heshima!"

"Basi aliyeandika ni mwanamke. Na mgonjwa wa kifua wa miaka mingi, kama gazeti lisemavyo, angeyajulia wapi, kitandani?"

Bwana Mudge aliketi. Alirudia ukurasa, mara hii kimoyomoyo, akafunua wa pili, wa tatu. Dorcas alimkatia nyama, akaila bila kuitazama. Alipofika mwisho alijifuta macho na utepe wa kofia.

"Ni nzuri kuliko zote," alisema. "Lakini juzuu mbili zimekwisha kupigwa chapa kwa jina la Jethro! Siwezi kuzichana. Wasomaji watasema nini, mbili za mwanamume na ya tatu ya mwanamke?"

"Watasema marehemu alimsukumiza msichana kisimani," Keziah alijibu, "dada yake akamtoa."

Tumbo la Bwana Mudge likaanza kucheka kabla ya mdomo. Aliomba kalamu. Juu ya ukurasa wa kwanza alikata jina la Jethro, akaandika lile lingine polepole, Keziah kasimama begani kwake akimhesabia kila herufi asije akaruka hata moja.

"Na kitabu kinachofuata?" Bwana Mudge aliuliza, akipuliza wino. "Nacho kitakuwa na kisima?"

"Hapana," Keziah alisema. "Hicho kitakuwa na mchapishaji."