Msafara wa Harusi Uliopita Kimya

Mtaa ule wa Shubra ulikuwa na wafalme wawili: spana ya muuza gesi ikigonga mtungi kuita wateja, na honi. Inshirah, sista mkuu wa wodi ya watoto njiti, alipigana na wote wawili miaka sita. Alikuwa akishuka ngazi na viatu vyake vyeupe, anasimama katikati ya barabara, anawaambia madereva kwamba nyuma ya dirisha lile wamelala watu wasiofika kilo mbili, na kila honi inapolia, mapigo ya mioyo yao huyumba kwenye mashine. Wengine walimtukana. Wengi, kidogo kidogo, waliona haya. Hata Baraai muuza gesi alijifunza kupita kimya mpaka auvuke ukuta wa hospitali, ingawa ulimi wake haukutulia.

"Mkuki kwa nguruwe, sista," alimwambia. "Ngoja binti yako aolewe. Tutasikia."

Binti yake Hanadi alipochumbiwa, mtaa mzima ukatega sikio. Bibi harusi sharti apitishwe mtaani kwao, chini ya ukuta ule ule wa hospitali, kabla ya kwenda ukumbini, na magari yasipopiga honi, watu husema kuna aibu inayofichwa. Inshirah naye alijua upande wa pili: honi moja tu ya harusi ya binti yake, na kuanzia kesho hakuna dereva atakayemsikiliza.

Alhamisi alasiri, magari kumi na moja yenye riboni yalikuwa yakinguruma nje ya saluni. La mbele aliliendesha Haji Metwalli, ami wa bwana harusi. Inshirah alimwendea dirishani akamwomba wapite hospitalini bila honi. Haji alicheka. Alipoona mwenzake hacheki, akaapa kwamba hajazaliwa wa kumfanya ampitishe mkwewe kama maiti.

Mama wa bwana harusi, Bi Fikriya, aliteremka na manukato yake yote.

"Mama Hanadi, watu watasema tumeokota bibi harusi mwenye kasoro."

"Nawaomba hatua mia mbili tu, mkwe wangu. Mkishapita duka la dawa, pigeni mpaka honi zikauke."

"Na ukoo wetu tuuambie nini?" aliuliza Haji.

Aliyejibu ni Hanadi, kutoka kiti cha nyuma, amezama kwenye gauni lake kama kifaranga kwenye pamba.

"Waambie, ami, umemchukua binti wa sista Inshirah. Anayetaka makelele, ukumbi uko wazi."

Haji alimtazama kwenye kioo. Kisha akainua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani, kama mtu aliyenyang'anywa silaha, akateremka kwenda kuwaambia madereva wa nyuma. Inshirah hakupanda gari. Alivua viatu vyake vya visigino virefu, akatangulia mbele ya msafara kwa miguu.

Wanaume wa mkahawani waliona magari yakitambaa bila sauti, na mbele yake mwanamke peku. Nani atalaumu walichofanya? Walisimama wote. Mwenye mkahawa akazima redio. Mzee mmoja akainua kidole cha shahada akaanza kumwombea marehemu. Alikuwa amefika mbali katika dua yake pale Hanadi alipotoa shada la maua dirishani.

"Marehemu anatupungia mkono," alisema Baraai.

Kicheko kiliwapasua mbavu, lakini walikuwa chini ya ukuta wa hospitali, wakajiziba midomo kwa viganja. Wanawake barazani, vigelegele vimewakwama kooni, wakavua mitandio na kuizungusha hewani. Mtaa mzima ulishangilia bila sauti. Hakuna honi iliyolia.

Chini ya dirisha la wodi, Inshirah alisimama, kifua mbele. Miaka yote hiyo aliusikia mtaa akiwa wodini. Kuisikia wodi akiwa mtaani, hakuwahi. Sasa kilio chembamba kilishuka kutoka juu, kikakatika, kikaanza tena kwa hasira.

Haji alitoa kichwa nje ya gari. "Huyo nani?"

"Mwanangu wa kitanda cha nne," alisema Inshirah. "Jana hakuwa na nguvu ya kulia."

Haji akazima injini. Nyuma yake, moja baada ya jingine, magari kumi yakazimwa, ili wasikie vizuri.